SOMO: Herufi za Mistari kwa Bango Linalosomeka

Kila mwezi Agosti viwanja vya Themi hapa Njiro hupokea Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini, na wajasiriamali wetu hulazimika kuandaa mabango mapema. Urembo mmojawapo unaovutia ni herufi zilizojazwa mistari ya mlalo badala ya rangi tupu. Hata hivyo, mistari ikipangwa vibaya humeza herufi yenyewe, na fedha za uchapaji huwa zimepotea.

Somo hili linatumia Inkscape, programu ya michoro ya vekta iliyoanza mwaka 2003 na inayopatikana bila malipo. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kwa vipimo vya umbo, hivyo hukuzwa bila kufifia.

Hatua za kufuata

1. Bonyeza T, kisha andika jina la biashara kwa herufi kubwa na nene, zenye kimo cha milimita 36. Hifadhi nakala ya faili, kwa kuwa baada ya hatua inayofuata maandishi hayahaririki tena.

2. Geuza maandishi kuwa maumbo kwa Shift+Ctrl+C, yatenganishe kwa Shift+Ctrl+G, kisha yaunganishe kuwa umbo moja kwa Ctrl++.

3. Bonyeza R na uchore ufito wa mstatili wenye kimo cha milimita 2, mrefu kuliko jina lote. Ujaze rangi, usiuwekee mstari wa pembeni. Uweke kwenye ukingo wa juu wa herufi.

4. Toa nakala kwa Ctrl+D, kisha isogeze chini milimita 3 kwa kutumia Shift+Ctrl+M. Rudia hadi upate fito 12. Kati ya ufito na ufito itabaki nafasi ya milimita 1.

5. Chagua fito zote, ziunganishe kwa Ctrl++. Chagua fito pamoja na jina, bonyeza Ctrl+*. Sehemu za fito zilizo ndani ya herufi ndizo zitakazobaki.

Tumechagua mstatili kwa sababu kimo chake hukua pamoja na bango: likikuzwa mara 10, ufito wa milimita 2 huwa milimita 20. Tena, mashine ya kukata stika hufuata kingo za umbo. Mstari uliochorwa kwa unene wa kalamu tu huweza kukatwa mara moja katikati yake.

Mambo ya kuzingatia

Ufito uwe mpana kuliko nafasi. Mkono wa mlalo wa herufi usipungue milimita 6, la sivyo E huweza kusomeka F, na 8 ikafanana na 0. Kwa sababu hiyo, namba ya simu na bei visitiwe mistari kamwe. Mteja akikosea tarakimu moja, hakupati.

Kabla ya kulipia uchapaji, chapa mfano kwenye karatasi ya A4, uubandike ukutani na uusome ukiwa umbali wa mita 3. Usiposomeka hapo, bango lililokuzwa mara 10 halitasomeka kwa mita 30. Ukisomeka, hifadhi kazi kwa muundo wa PDF na uipeleke kwa mchapaji.

Kwa bango litakalosimama kando ya barabara, fika kwanza ofisi ya kata uulizie utaratibu wa kibali.