Hadhari za Nyumbani kwa Wadogo na Wazee

Aghalabu mtu afikwapo na ajali ndani ya nyumba yake, majirani wakiisha kukusanyika na kutoa pole, husemwa kuwa jambo lile lilikwisha andikwa. Nasi tuliotunga kijitabu hiki hatukusudii kushindana na imani ya mtu, illa twaona ni wajibu kukumbusha kwamba majaaliwa hayamwondolei mwenye nyumba jukumu la kufikiri ni wapi alipoiweka chupa, sufuria, taa na ndoo. Husemwa pia, na hili ni dhuluma, kuwa mama wa mtoto amezembea. Mama apikaye, afuaye, atekaye maji na kunyonyesha hawezi kumkodolea mtoto macho tangu alfajiri hata isha, na nyumba ambayo salama yake yategemea jicho la mtu mmoja haina salama. La kufanya ni kuipanga nyumba yenyewe hata hatari isimfikie asiyeijua.

Tuchukue mafuta ya taa. Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara hununuliwa dukani kidogo kidogo, yakatiwa katika chupa ya soda, ikazibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki kilichosokotwa, kisha ikaachwa sakafuni kando ya jiko la utambi. Na mtoto wa mwaka mmoja hata mitatu, ambaye amekwisha jua kuwa chupa ya namna ile huwa na kinywaji kitamu, na ambaye kiu ya kaskazi imemshika, haoni kosa lolote kuinyanyua na kunywa. Madhara makubwa ya mafuta hayo si ya tumboni bali ya mapafuni, kwani ni mepesi, huteleza yakaingia njia ya pumzi mtoto anapopaliwa, na huingia tena akitapika. Ndiyo sababu twasisitiza, ijapokuwa wengi wamezoea kinyume chake, kwamba mtoto huyo asitapishwe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yatakata sumu. Avuliwe nguo zilizolowa, apelekwe hospitali papo hapo hata akiwa bado anacheza, na chupa ichukuliwe ili tabibu aione. Mafuta yakae katika galoni lenye kifuniko cha kukaza, juu, mahali pa kufungwa, pamoja na sumu ya panya, na vidonge vya presha ambavyo bibi huviweka chini ya mto.

Moto wadai maneno zaidi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa majeraha ya kuungua huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zisizo na utajiri, na sehemu kubwa ya majeraha hayo hutokea nyumbani. Maji yenye joto la nyuzi 60 huiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi, na ya mtoto, kwa wembamba wake, upesi zaidi. Basi sufuria ya uji iliyo juu ya jiko la mkaa sakafuni ni hatari iliyowekwa kwa kimo cha mtoto atambaaye. Jiko likiinuliwa juu ya msingi wa matofali hata kufikia kiuno cha mpishi, hatari hiyo hupungua sana. Aliyekwisha ungua na amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, ute wa yai, asali na unga havifai, kwani huchafua kidonda.

Yuko mtu mmoja ambaye husahauliwa katika mashauri haya, naye ni mwenye kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewahudumia wagonjwa hao kule Mahenge katika miaka ya 1960, aliwakuta na makovu ya moto, kwa kuwa huzimia wakaangukia mafigani, na walio karibu wakaogopa kuwagusa wakidhani watapata ugonjwa. Kifafa hakiambukizi. Mwondoe motoni upesi, umlaze ubavu, na asiachwe kupika peke yake.

Mkaa nao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo jiko lisiingizwe chumba cha kulala hata majivu yakionekana yamepoa. Ndoo na kisima vifunikwe, maana mtoto aanzaye kutembea huzama kimya katika maji machache. Vijana wapandao minazi na miembe, au wajiungiao nyaya za umeme wenyewe, nao wahitaji kuonywa kabla, kwa upole na kwa sababu zilizo wazi.

Waama wazee huangushwa na mambo madogo. Kila mwaka watu wapatao 684,000 duniani hufa kwa kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wengi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, zenye ngazi kali na vidato visivyolingana, mzee aamkaye kutawadha alfajiri hukuta giza, sakafu yenye maji, na kandambili zilizolika. Apatiwe taa karibu na kitanda, kishikio ukutani, viatu visivyoteleza, na akae ukingoni mwa kitanda kitambo kabla ya kusimama, hasa anywaye dawa za presha. Akianguka, na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenziwe, unyayo umegeukia nje, yamkini amevunjika shingo ya paja: asisimamishwe wala asikandwe, bali alazwe juu ya ubao, miguu ifungwe pamoja kwa kanga, na apelekwe hospitali siku ile ile.