Simulizi Zinapokatwa Mkia

SWALI: Msomaji wa Iringa anahifadhi simulizi za wazee wa Kalenga kwenye kanzidata ya MySQL. Fupi zinaingia vizuri. Ndefu zinakatika katikati ya sentensi, na nyingine zinakataliwa kabisa. Kulikoni?

JIBU: Cha kwanza kutazamwa ni aina ya safu. VARCHAR(255) hupokea herufi 255 tu; kisa cha fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, hakiwezi kuenea humo. TEXT hubeba baiti 65,535, na MEDIUMTEXT zaidi ya milioni 16. Matoleo ya MySQL yaliyotangulia 5.7 kwa kawaida yalikata ziada na kutoa onyo tu. Ya sasa hugoma, labda mtu awe amelegeza mipangilio.

Kipimo ni rahisi: CHAR_LENGTH ikionyesha rekodi nyingi zimegota 255 kamili, mwizi amepatikana.

Zile zinazokataliwa kabisa huenda zina ritifaa. Katika amri yenye 'Wahehe walifuga ng'ombe', maandishi huishia kwenye "ng" machoni pa MySQL. "Ombe" hubaki nje na amri nzima huharibika. Maandishi yapitishwe kama vigezo, yasishonwe ndani ya amri.

Kabla ya kubadili safu kwa ALTER TABLE, msomaji atoe nakala ya kanzidata na kuiweka mbali, hata kwa ndugu aliyeko Mbeya. Vipande vilivyokwisha kukatwa havirudi. Itabidi viingizwe upya kutoka kwenye daftari au kanda zilizorekodiwa.