Jengo la Zamani, Umeme Kidogo: Lipi Litangulie?

Ofisi nyingi za umma zilizojengwa miongo kadhaa iliyopita zina kuta imara, lakini hutumia umeme kupita kiasi. Bati lisilo na dari nzuri huingiza joto vyumbani, na madirisha ya shata huvujisha hewa iliyopozwa. Kila uniti inayopotea hivyo imelipiwa kwa fedha ya umma, ambayo ingeweza kununua dawa au dawati.

Kosa la kawaida ni kuanza na mashine. Chumba kikiwa na joto, hununuliwa kiyoyozi. Joto likizidi, hununuliwa kikubwa zaidi. Kanuni sahihi ni kupunguza kwanza mahitaji, kisha kurekebisha mitambo, na mwisho kufikiria chanzo kipya cha umeme.

Mfano mashuhuri ni Empire State Building, jengo la ofisi jijini New York, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1931. Katika ukarabati wake wa nishati, madirisha 6,514 yalifanyiwa kazi humo humo jengoni: vioo vya zamani vilisafishwa, vikaongezewa utando wa kuzuia joto, kisha vikarudishwa. Kwa kuwa mahitaji ya kupoza yalipungua, mitambo mikubwa ya kupozea ilikarabatiwa badala ya kununuliwa mipya. Lengo la mradi lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38.

Ofisi ya kata haina ghorofa 102, lakini kanuni ni ile ile.

Kwanza, zuia joto. Paa lililopakwa rangi nyeupe huakisi jua. Dari iliyozibwa vizuri na mti wa kivuli upande wa magharibi husaidia sana. Chumba chenye kiyoyozi kizibwe mianya. Kisicho nacho kiachiwe upepo upite.

Pili, badilisha taa. Tuchukulie ofisi yenye tyubulaiti 20 za wati 36, zinazowaka saa 8 kwa siku 22 za kazi. Hutumia takriban uniti 127 kwa mwezi. Taa za LED za wati 18 zitatumia takriban uniti 63, yaani nusu.

Tatu, safisha vichujio vya viyoyozi, na vizimwe watu wanapotoka.

Baada ya hayo ndipo paneli za sola zifikiriwe. Atakayezifunga mapema atanunua nyingi ili kulisha upotevu. Atakayesubiri atahitaji chache.

Mkazi una nafasi katika jambo hili. Taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa mkutanoni, uliza: ofisi yetu hutumia uniti ngapi kwa mwezi, na mwaka jana zilikuwa ngapi? Ukarabati usiopimwa kabla na baada hauwezi kuthibitisha kuwa umeokoa hata shilingi moja.