Kabla ya masika, kagua mbao za banda la kuku

Mwezi wa pili unakatika na mafundi wa mabanda hawashikiki. Kila mfugaji wa ukanda wa Pwani anataka paa liwe limekaa kabla masika hayajaanza, na anafanya vyema. Ila katika kukimbizana na mvua tunaokota mbao yoyote iliyo karibu, na hapo ndipo moyo wangu unapokosa raha.

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja nje kidogo ya Kibaha. Kuku wake wana afya, maji safi, mayai hayakosi. Kwenye kona ya banda ameweka karai la majivu, na kuku wanaingia kuoga humo ili kujikung'uta utitiri. Ni desturi nzuri, nami huihimiza kila mwaka. Nikamuuliza, mama, majivu haya ni ya kuni gani? Akanipeleka jikoni. Kuni zilikuwa vipande vya mbao za kenchi, masalia ya fundi aliyeezeka nyumba. Nikageuza kimoja: pembeni kijani, katikati cheupe.

Kijani kile ni dawa ya mchwa. Ile inayotumika sana kwenye mbao za paini huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Mbao hiyo ikichomwa, moshi wake ni sumu, na sehemu kubwa ya aseniki hubaki kwenye majivu. Kuku anayeoga humo anavuta vumbi lake, anadonoa, kisha anataga yai ambalo mtoto atalila asubuhi. Tuliyanyunyizia majivu maji yasipeperuke, tukayafunga kwenye mfuko mgumu mbali na kisima, nikamwambia amwite bwana afya amwelekeze pa kuyatupa. Nilimsihi asiyapeleke kwenye mchicha.

Sisemi mbao ya dawa haifai kabisa. Juu kwenye paa, kuku asikofika, sina ugomvi nayo. Usiitumie kwenye fito za kulalia, viota, vihori, wala nguzo zinazosimama kwenye matope ya masika, kwa maana unyevu huichuja dawa ikaingia ardhini. Na usitegemee rangi peke yake: mbao ikipigwa jua miaka kadhaa, kijani hufifia ikawa ya kijivu kama nyingine yoyote. Usipojua ilikotoka, iache. Maranda ya kutandika nayo yana swali hilo hilo. Muulize seremala alikuwa anaranda mbao gani. Akisitasita, tandika pumba za mpunga.

Oili chafu ya gereji ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa wengi huipaka nguzo kwa nia njema. Ina mabaki ya metali na masizi ya injini. Badala yake, pandisha nguzo juu ya jiwe au kitako cha zege ili mchwa akose njia ya siri, halafu kila wiki pangusa vichuguu vinavyopanda.

Kuta zijengwe kwa mabanzi yasiyotiwa dawa, mianzi, au tofali na udongo. Rangi kuukuu inayobabuka usiilete bandani; huenda ina risasi, na kuku hudonoa kila kinachong'aa. Paka chokaa, ikauke kabisa kabla kuku hawajarudi. Inaziba nyufa utitiri unamojificha. Ukinunua paleti za bandarini, tafuta muhuri: HT maana yake zimepitishwa kwenye joto, MB zimefukizwa kwa gesi ya sumu, hizo ziache. Bati kuukuu la asbesto usilikate wala kulivunja.

Fundi akishamaliza, usifungulie kuku bado. Toa sumaku kwenye spika mbovu, ifunge kamba, uiburute sakafuni na kuzunguka banda lote. Kwa mama yule tulipata misumari kumi na mmoja na vipande vya waya visivyohesabika, vyote saizi ya kumezwa.