Sukari Iliyofungwa Ndani ya Mti

Penye mashine ya kupasua mbao hapakosi lundo la maranda, na mara nyingi huishia kuchomwa moto. Je, ni kweli kwamba maranda yanaweza kutoa sukari? Ndiyo. Lakini kamati isiharakishe kuchangisha fedha kabla ya kuelewa njia yake.

Mti umejengwa kwa vitu vikuu vitatu. Selulosi, ambayo ni kati ya asilimia 40 na 50, ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi. Hemiselulosi ina sukari za aina mbalimbali. Lignini huvishikamanisha vyote kama saruji.

Kuvu wanaweza kuikata minyororo hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilioza upesi katika Visiwa vya Solomon. Uchunguzi ulionyesha kuvu ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Leo vimeng'enya vyake hutengenezwa viwandani.

Kazi huenda kwa hatua:
1. Mbao iliyosagwa hulegezwa kwa mvuke mkali au tindikali, ili saruji ile iachie.
2. Huchanganywa na maji ya joto la nyuzi 50 hivi, pamoja na vimeng'enya. Kimoja hukata mnyororo katikati, kingine humega ncha vipande viwiliviwili, cha tatu hutenganisha kila jozi kuwa glukosi.
3. Chachu hugeuza sukari kuwa spiriti.

Ugumu uko kwenye gharama. Mwaka 2015 kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda cha zaidi ya dola milioni 200 jimboni Iowa, Marekani, kikitumia mabua ya mahindi, ambayo ni laini kuliko mbao. Mwaka 2017 ilitangaza kuachana nacho.

Kwa parokia, njia nyepesi ni uyoga mamama. Huo hutoa vimeng'enya vyenyewe, hujilisha maranda yaliyochemshwa, na kutupatia kitoweo. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa yasitumike kamwe.

Maswali ya kujadili:
- Maranda ya eneo letu yanaishia wapi?
- Tukiletewa mradi wa spiriti ya mbao, nani atalipia vimeng'enya mfadhili akiondoka?