Nywele Zikitimka Wakati wa Kiangazi

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Upepo ulivuma kutoka mbugani, na vumbi liliingia mpaka ndani ya nyumba. Binti mmoja wa Kishapu alikuwa akijitayarisha kwenda harusini Shinyanga mjini. Alijitazama katika kioo. Nywele zake zilikuwa zimetimka kila upande. Alipopitisha kitana, zilikatika. Mara shangazi yake akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Tazama nywele hizi, shangazi. Juzi tu nimeziosha. Nimezipaka mafuta mengi, lakini bado zinasimama. Afadhali niende mjini nikatiwe dawa, zilale."

Shangazi alinyamaza kidogo. Kisha akavua kilemba chake. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu lenye upana wa sarafu. Hapakuwa na nywele mahali hapo.

"Hili nililipata kwa dawa hiyo," alisema. "Mimi nami nilikuwa na harusi."

Katika somo hili tutajifunza kwa nini nywele za kipilipili hutimka, na namna ya kuzituliza bila dawa kali. Kisha tutarudi kwenye kovu la shangazi.

Kwanza tuutazame unywele wenyewe. Nje yake umefunikwa na magamba madogo sana. Huwezi kuyaona kwa macho matupu. Magamba hayo hulaliana kama nyasi za paa. Paa likiezekwa vizuri, nyasi zote hulala upande mmoja, na ukipitisha mkono juu yake ni laini. Upepo ukizifumua, nyasi husimama. Unywele nao ni hivyo. Magamba yakilala, unywele huteleza na kung'aa. Magamba yakisimama, unywele mmoja hukwama katika mwingine, maji yaliyomo ndani yake hutoka, nao hukauka.

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka upesi mpaka nchani. Nywele zetu zimejizungusha kama kamba iliyosokotwa. Mafuta hayafiki mbali. Kwa hiyo ncha za nywele zetu hukauka kwanza, na huko ndiko zinakoanza kukatika. Hii si dosari, wala si uchafu. Ndivyo zilivyoumbwa, na zinataka utunzaji wake.

Basi ni nini kinachosimamisha magamba? Hapa Kishapu mambo matatu hukutana: upepo mkavu, sabuni kali, na maji magumu. Kule pwani mambo ni tofauti. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Nywele kavu huunyonya unyevu huo na kuvimba. Ndiyo maana mtu akitoka huku na nywele zilizotulia, hushangaa zikifumuka siku anayofika huko.

Maji magumu ni yapi? Ni maji yenye chokaa na chumvi nyingine za ardhini. Visima vingi vya sehemu kavu huwa na maji ya namna hiyo. Unaweza kuyapima nyumbani. Chukua chupa mbili. Moja itie maji ya kisima, nyingine maji ya mvua. Katika kila chupa tia kipande cha sabuni ya mche, kilicho sawa na punje ya hindi. Tikisa sana. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na utaona utando mweupe ukielea juu. Utando huo huo hubaki katika nywele zako baada ya kuosha. Binti yule aliosha nywele kwa sabuni ya kufulia na maji ya kisima. Sabuni iliondoa mafuta yote, magamba yakasimama, na utando ukabaki. Kisha akapaka mafuta juu ya nywele zilizokwisha kukauka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mafuta si maji. Mafuta hayalainishi unywele mkavu. Kazi yake ni kama ya mfuniko wa chungu: huzuia maji yasitoke. Ukifunika chungu kitupu, umefunika nini?

Shangazi alimwambia binti aketi chini. Alimfumua nywele na kuzigawa mafungu manne. Aliziosha kwa sabuni laini ya kuogea, akitumia povu tu, akasugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Alisuuza kwa maji ya mvua waliyokuwa wamehifadhi tangu masika. Usipokuwa na maji ya mvua, kamua nusu ndimu katika lita moja ya maji, suuza nayo, halafu mimina maji matupu. Ndimu huondoa ule utando. Lakini usiiache kichwani, maana maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua huleta madoa na hata malengelenge. Jihadhari pia yasiingie machoni.

Nywele zikiwa bado na maji, alizichana kwa chanuo lenye meno mapana. Alianza nchani, akapanda polepole kuelekea kwenye ngozi. Ukianza juu, unavuta mafundo yote chini na kukata nywele. Hakusugua kwa taulo. Alikandamiza kwa fulana kuukuu mpaka maji yakaacha kutiririka. Kisha alichukua mafuta kidogo ya alizeti, yale yale ya kupikia, akayasugua viganjani na kuyapitisha katika kila fungu. Kidogo kinatosha. Mafuta mengi hunasa vumbi, na vumbi la Kishapu halihitaji kukaribishwa. Mwisho akasuka mabutu makubwa, bila kuyavuta, akamwambia asiyaguse mpaka yakauke kabisa. Hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nywele zikikauka zikiwa zimetulia, hutulia. Zikikauka huku unazichezea, hutimka.

Usiku binti alifunga kichwa kwa kitambaa cha kuteleza, kipande cha bitana ya gauni kuukuu. Khanga ya pamba ni nzuri kwa mambo mengi, lakini kichwani usiku hunyonya mafuta.

Sasa turudi kwenye kovu. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina kostiki soda. Ni kitu kile kile ambacho vikundi vya akina mama hutumia kutengenezea sabuni. Aliyewahi kuipika anajua inavyochoma. Nyingine zina kemikali zisizo na kostiki, lakini nazo zaweza kuunguza. Dawa hizi huvunja viungo vilivyo ndani ya unywele, na unywele ulionyooka kwa njia hiyo haurudi tena. Nywele mpya huota na mzunguko wake wa zamani. Kwa hiyo wengi hurudia dawa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na kulipa tena.

Siku ile shangazi alipotiwa dawa, kichwa kilianza kumuwasha, kisha kuchoma. Alisema. Aliambiwa avumilie kidogo. Aliposhindwa kuvumilia, bomba lilikuwa halitoi maji. Palikuwa na ndoo moja tu, tena nusu. Dawa ilibaki nyuma ya sikio. Huko ndiko kovu lilikotoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kutiwa dawa, na hayo ni maamuzi yako, uliza kwanza: maji yako wapi, na yanatosha? Usijikune wala kusuka kwa kukaza siku chache kabla yake. Kichwa kikianza kuchoma, usingoje. Dawa iondolewe papo hapo, na pamiminwe maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta wala ndimu juu ya jeraha. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji bila kukoma, kisha nenda zahanati. Watoto wasitiwe kabisa.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Kati ya wanawake 100 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, karibu 2 walikadiriwa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, walikuwa 4. Uchunguzi huo peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo sababu. Lakini ni habari ambayo mwenye kichwa anastahili kuijua kabla hajalipa.

Wala tusidhani kusuka hakuna madhara. Misuko ikivuta mpaka uso unauma, nywele za panja huanza kupungua. Fumua mapema, zitaota. Ukiendelea miaka mingi, mashina hufa. Na mtoto akiwa na viraka vya duara vyenye magamba, hayo huenda ni mapunye. Mafuta hayataponya. Mpeleke zahanati apate vidonge.

Asubuhi ya harusi binti alifumua mabutu kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo. Hakutumia kitana. Nywele zilikuwa na mawimbi, zimetulia. Alifunga kitambaa cha safari kwa ajili ya vumbi la barabarani, akapanda basi.

Maswali ya kujadiliana

1. Pimeni maji ya visima vya kijiji chenu kwa chupa na sabuni. Kisima kipi kina maji magumu zaidi?

2. Kwa nini shangazi alipaka mafuta wakati nywele zina maji?

3. Andika barua fupi kwa ndugu yako aliye mjini. Mweleze mambo ya kuuliza kabla ya kutiwa dawa ya nywele.