Dondoo muhimu: Kumtambua korongo-nyangumi kwenye mafunjo ya Kagera

Kama uko Nyakisasa au Biharamulo na unapenda ndege wa majini, mtafute korongo-nyangumi. Duniani kote wakubwa wanakadiriwa kuwa 3,300 hadi 5,300 tu, na vinamasi vya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato ni miongoni mwa makazi yake nchini.

Anza na mdomo: mnene, mpana, urefu wa sentimita 20 hivi, una madoadoa meusi na ncha iliyopinda kama ndoana. Ukiuona vizuri, huna haja ya alama nyingine. Mwili ni wa kijivu cha samawati, kimo kama mita 1.2, na kisogoni ana kishungi kifupi.

Akiwa mbali, kongoti humchanganya mtu, maana wote wawili hukunja shingo wanaporuka. Angalia tumbo. La kongoti ni jeupe, na kichwa chake kina upara.

Nenda alfajiri wakati wa kiangazi, maji yakipungua na samaki kubanana vidimbwini. Beba darubini na ubaki nchi kavu, kwani viboko na mamba wapo. Kisha vumilia: huyu huvizia kamongo akiwa amesimama kimya muda mrefu sana.

Ukikuta kiota, ondoka mara moja. Wazazi huyamwagia mayai maji ili yasipate joto kali, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye hukua. Mahali ulipomwona mwambie askari wa hifadhi. Usipaweke mtandaoni, kwa sababu wapo wanaowakamata makinda kuwauza.